Manhattan: lofti SoHo, vioo vya West Chelsea au koopu Upper East Side, wapi pa kuishi na picha zetu?

Nuru_Pwani
Habari zenu wadau, naomba mawazo maana mimi na mume wangu tumefika mahali tunazunguka tu. Tunanunua nyumba Manhattan, hapa New York, bajeti haizidi dola milioni 3, vyumba viwili vya kulala vinatutosha, watoto washaondoka nyumbani. Kinachotuumiza kichwa siyo jiko wala jimu, ni picha. Kwa miaka mingi tumekusanya michoro ya wasanii wa kwetu Afrika Mashariki, mingine mikubwa kweli, upo wa futi 8 kwa 6, na tuna kanga za zamani tumeziwekea fremu. Hatutaki zikae stoo tena, tunataka kuishi nazo, na tukitoka mlangoni tuwe karibu na galari na makumbusho.

Dalali katuonyesha tatu: lofti (nyumba ya ukumbi mpana ulio wazi) SoHo kwenye jengo la kale la kiwanda, kondominiamu (apatimenti unayoimiliki mwenyewe) mpya ya vioo West Chelsea inayotazama mto Hudson, na koopu (jengo ambalo wakazi wanalimiliki kwa hisa) Upper East Side, jengo la kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, mitaa michache kutoka makumbusho ya Metropolitan, yani Met. Bei zinakaribiana. Mume wangu anaitaka ya vioo, mimi roho yangu iko SoHo, dalali anasukumia koopu. Nyie mngechukua ipi na kwa nini? Majibu marefu ndo nayapenda.

Mtundikaji
Dada Nuru, kazi yangu ndo hiyo, kubeba na kutundika picha kwenye magalari na majumbani kwa watu, kwahiyo nakujibu kwa upande wa picha zenyewe.

Kwanza hesabu kuta. Nyumba ya vioo kuanzia sakafuni mpaka darini inapendeza sana ukiingia, ila ukishatoa dirisha, milango na makabati unabaki na ukuta mmoja wa maana, na huo watu wengi wanauwekea tivii. Hapo unatundika nini? Halafu hiyo inatazama Hudson, maana yake ni magharibi, jua la mchana mpaka jioni linaingia ndani moja kwa moja. Kanga zako zitapauka na rangi ya kitambaa ikishaondoka hairudi, hakuna fundi wa kuirudisha. Makumbusho vitambaa na vitu vya karatasi wanaviweka kwenye mwanga wa kama lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga), sebule ya vioo saa nane mchana iko mbali mno na hapo. Ile filamu ya kubandika dirishani inazuia miale mikali, inasaidia, lakini hata mwanga wa kawaida nao unapausha polepole, basi utaishia kufunga mapazia siku nzima kwenye nyumba uliyoinunua kwa ajili ya dirisha.

Pili lifti, na hili madalali hawalisemi kabisa. Mchoro wa futi 8 kwa 6 hauingii kwenye lifti nyingi za abiria, ukiusimamisha unagonga juu, ukiulaza kwa ubavu unagonga nyuma. Majengo ya SoHo yalikuwa viwanda na maghala kwahiyo mengi yana lifti ya mizigo pana, hapo SoHo inashinda bila ubishi. Koopu za zamani wanayo lifti ya huduma ila mara nyingi ni finyu, na ikishindikana inabidi kutoa turubai kwenye fremu na kuliviringisha, kitu ambacho kwa rangi nene ya mafuta iliyokauka miaka mimi siwezi kukushauri.

fundi_hati
Naunga mkono ya lifti lakini SoHo isikupofushe, dada yangu. Lile eneo lilikuwa la viwanda, na mwaka 1971 jiji likahalalisha wasanii waliokuwa wanaishi mle ndani kuishi na kufanya kazi humo humo, ila lazima uwe msanii uliyethibitishwa na idara ya utamaduni ya jiji. Sheria hiyo ikabaki kwenye makaratasi huku matajiri wasio wasanii wakinunua. Desemba 2021 jiji lilibadilisha kanuni za matumizi ya ardhi za SoHo na jirani yake NoHo, sasa unaweza kuigeuza lofti ya namna hiyo kuwa makazi ya kawaida kwa kulipia mfuko wa sanaa kwa kila futi ya mraba, jambo ambalo wakazi wa zamani walilipeleka mahakamani. Kwahiyo swali la kwanza kwa muuzaji: hii nyumba kwenye hati ya matumizi ya jengo imeandikwa nini? Kama bado ni ya msanii, benki inaweza kusumbua na wewe ukija kuuza utasumbuka vilevile.

Lingine, eneo la majengo ya chuma cha kusubu la SoHo linalindwa kihistoria tangu 1973, kwahiyo madirisha ya mbele hubadilishi hivihivi, unaomba kibali.

Na kuna kodi ya nyumba za bei kubwa, watu wanaiita ya majumba, mnunuzi ndo anailipa. Kuanzia milioni 1 ni asilimia 1, kuanzia milioni 2 ni 1.25, ukigusa milioni 3 inakuwa 1.5 na inapigwa kwenye bei yote. Nyumba ya 2,990,000 utalipa dola 37,375, ya milioni 3 kamili utalipa 45,000. Yani mkifika kwenye bei pambana ibaki chini ya 3.

Asha_79
Mie nakaa koopu Upper East Side mwaka wa kumi na kitu huu, naomba niitetee kidogo kwa sababu watu wanaiogopa bure na wengine wanaikimbilia bila kuielewa. Kwenye koopu hununui apatimenti, unanunua hisa za kampuni inayomiliki jengo na unapewa mkataba wa kukaa. Ndo maana ukichukua mkopo hulipi ile kodi ya kusajili mkopo, ambayo kwenye kondominiamu ni karibu asilimia 1.9 ya mkopo wote, hela nyingi sana hiyo. Lakini kuna bodi. Bodi inataka kuona akaunti zako zote, kodi za mapato, barua za watu wanaokufahamu, halafu mnaitwa kwenye usaili, na wanaweza kuwakataa bila kuwaeleza sababu, mradi isiwe ubaguzi unaokatazwa na sheria. Sisi jengo la kwanza tulilojaribu walituweka tukisubiri mpaka msimu ukaisha ndo wakasema hapana. Iliniuma sana, ila jengo la pili walitupokea vizuri mpaka leo tunaishi kama ndugu.

Sasa raha yake. Kuta nene za plasta, vyumba vimegawanywa, kuna korido ndefu isiyo na dirisha hata moja, hapo ndo mahali pa kanga zako dada Nuru! Na Met ukiwa mkazi wa jimbo la New York unalipa unachoweza, Ijumaa na Jumamosi wanafunga saa tatu usiku. Mimi natoka kazini napita naangalia chumba kimoja tu, narudi nyumbani. Hiyo kitu inabadilisha maisha, huendi tena makumbusho kukimbizana na kila kitu kwa siku moja mpaka miguu inauma. Makumbusho mengine yapo karibu, juu kidogo una Neue Galerie, una Guggenheim iliyochorwa na msanifu Frank Lloyd Wright, ya 1959, chini una Frick waliyoifungua tena 2025 baada ya ukarabati mrefu.

Na nitasema hili kwa moyo wote, 2019 Met walipoweka sanamu nne za shaba za Wangechi Mutu pale mbele, zile nafasi za ukutani zilizokuwa tupu tangu 1902, nilisimama ng'ambo ya Fifth Avenue nikalia. Mwanamke wa kutoka Nairobi ndo wa kwanza kukaa mle.

kijana_wa_22
Jamani Chelsea mnaionea. Sanaa inayotengenezwa sasa hivi ipo Chelsea, magalari yalihama SoHo miaka ya 90 kodi zilipopanda, na mpaka leo unaingia bure Jumanne mpaka Jumamosi, Alhamisi jioni maonyesho mapya yanafunguliwa na unaongea na msanii mwenyewe uso kwa uso. High Line reli ya 1934 ikageuzwa bustani 2009, makumbusho ya Whitney ikahamia mwisho wake wa kusini 2015, jengo la msanifu Zaha Hadid liko West 28th, yani ukitembea kwa mguu nusu saa umeshiba. Na siyo kila kitu Chelsea ni vioo, angalieni London Terrace pale West 23rd, matofali ya mwaka 1930 hivi, minara yake ya kona ni koopu, kuta zipo.

Mtundikaji
@kijana_wa_22 kweli kabisa kuhusu London Terrace, nimetundika pale, ukuta unashika msumari vizuri. Ila Chelsea yote ya upande wa mto mkumbuke kimbunga Sandy Oktoba 2012, maji yalijaa kwenye magalari ya ghorofa ya chini na stoo za chini ya ardhi, kazi za watu ziliharibika vibaya sana. Mkinunua huko picha isilale chini ya ardhi hata usiku mmoja, na bima ya picha iwe ya peke yake, msitegemee bima ya nyumba.

Mzee_Kibao
Binti yangu Nuru, nimesoma yote nikaona mmesahau Harlem, huku juu kaskazini mwa Manhattan. Nyumba ya mawe ya kahawia, ghorofa tatu nne, ni yako na ardhi yake, hakuna bodi wala mtu wa kukuuliza marafiki zako ni akina nani. Mchoro wako mkubwa unapita mlango wa mbele, unatundikwa sebuleni palepale, lifti haihusiki. Kwa nyumba ya familia moja mpaka tatu, thamani inayokadiriwa kwa ajili ya kodi ya jengo ina ukomo wa kupanda kila mwaka. Matengenezo ni yako yote, paa, ngazi za mbele, bomba, hilo sikufichi, na milioni 3 usiimalize kwenye kununua.

Lakini fikiria picha zenu zinakaa na nani. Studio Museum, makumbusho ya wasanii weusi, imekuwa Harlem tangu 1968 na sasa ina jengo lake jipya 125th Street lililofunguliwa Novemba 2025, maktaba ya utafiti ya Schomburg iko 135th, ukumbi wa Apollo uko hapohapo. Wasanii weusi na watu wanaowaelewa wanapita mlangoni kwako. Ukiwaita nyumbani waje waone kanga watakuja, na watauliza maswali ya maana.

Nuru_Pwani
Shikamoo mzee wangu, na asanteni wote, nimesoma kwa sauti na mume wangu amekaa pembeni. Ya vioo ameiacha mwenyewe baada ya habari ya jua. SoHo nimempigia dalali kuuliza hati ya matumizi, kaanza kuzungukazunguka, nimeelewa. Kwahiyo sasa ni koopu ya Asha au Harlem ya mzee. Jumamosi tunaenda kuangalia nyumba moja karibu na 130th. Mtundikaji, nipime nini nikifika?

Mtundikaji
Upana na urefu wa mlango wa mbele, kisha kona ya ngazi kama mchoro unapanda juu. Ukuta mrefu zaidi usio na dirisha, upime. Gonga, kama ni plasta ya zamani juu ya mbao uliza lini ilikarabatiwa. Angalia bomba za mvuke zinapita wapi, ukuta wenye bomba nyuma yake usiuwekee picha, joto la msimu wa baridi linaikausha. Na uende saa nane mchana siyo asubuhi, uone jua linaingia mpaka wapi.

Asha_79
Na koopu nayo usiiache, hapa jirani kuna moja inauzwa, naangalia lifti yao ya huduma leo jioni nikutumie vipimo.