Yule MC wa Jumamosi pale viwanja vya Tangamano amemdhalilisha mama mkwe wangu kwenye maspika!!!

Mgosi_wa_Ngamiani:

Wakuu, sijala, sijaoga, vumbi la Tangamano ninalo mpaka masikioni, lakini naandika sasa hivi hasira ikiwa ya moto, maana ikipoa nitajifanya muungwana.

Simtaji jina. Kuna haja? Kama umeoa, umefiwa au umemaliza chekechea ndani ya jiji hili la Tanga, unamjua. Harusi yeye, mahafali yeye, uzinduzi wa kisima yeye. Koti la kijani la kumetameta kwenye joto hili la kaskazi, kiatu cheupe kimechongoka mbele, na kicheko anakianza yeye kabla utani haujaisha ili msikose pa kuchekea. "Makofi kwake! Makofi kwakeeee!" Huyo huyo.

Sasa leo nimempeleka mama mkwe kwenye burudani za bure. Mama mkwe, jamani. Si shemeji, si binamu. Mtu ambaye tangu nimeoa sijawahi kula wali mbele yake nikashiba. Kashuka kutoka Muheza na kapu lake la ukili, kanga imefungwa juu, ndani machungwa, na fenesi limetokeza ubavuni kwa sababu halikuenea. Nikamwambia mama tupite kwanza nyumbani tuweke mzigo. Akasema hapana mwanangu, tutakosa pa kukaa, nimesikia kuna taarabu. Tukawahi. Viti vya plastiki, mstari wa mbele, saa kumi jioni, jua linatukaanga.

Taarabu yenyewe haipo. Gari la matangazo lilipita mitaani wiki nzima linatuahidi taarabu, ngoma na mbio za baiskeli. Tumefika tunakuta singeli. Sina ugomvi na singeli, vijana wacheze. Lakini kati ya wimbo na wimbo anaingia yeye na shukrani zake. Kamshukuru mdhamini wa maji, mdhamini wa viti, aliyeleta jenereta, halafu akalishukuru na jenereta.

Ndipo macho yake yakatua kwenye kapu.

"Mama wa kapuuu! Mama wa kapu pale mbele! Pole sana mama, basi la Muheza lilishaondoka, hapa si stendi!"

Na DJ, ambaye siku yake naye inakuja, akapiga honi ya basi. Ile ndefu ya kuomba njia.

Uwanja mzima ukalala. Watoto waliokuwa wamepanda ukutani wakadondoka. Muuza aiskrimu kaacha mali yake inayeyuka, anacheka. Hata polisi wa zamu nilimwona mabega yanacheza.

Mnadhani hilo ndilo lililoniuma? Bado. Mama mkwe alisimama. Alisimama, akaliinua kapu, akanigeukia na kuniuliza kwa upole kabisa: "Limeondoka saa ngapi, baba?"

LIMEONDOKA SAA NGAPI, BABA.

Na yule mtu, badala ya kuona haya, akashuka jukwaani mbio na kipaza sauti mkononi, akamwekea mdomoni. "Rudia mama, huku nyuma hawajasikia!" Na mama wa watu, kwa heshima zake, akarudia. Limeondoka saa ngapi. Kwenye maspika makubwa. Chumbageni wamesikia. Raskazone wamesikia. Meli zilizotia nanga bandarini zimesikia na zimeanza kuulizana ratiba.

Huu ni mji uliotoa Black Star na Lucky Star za taarabu. Bendi ya Atomic Jazz ilipiga hapa, Jamhuri Jazz ilipiga hapa, watu wanakuja kwa treni na nguo wamepiga pasi. Leo burudani yetu ni kapu la bibi kizee! Mwaka 1914 Waingereza walikuja na jeshi lao, Wajerumani pamoja na nyuki wakawatimua mpaka baharini. Nauliza, hao nyuki wako wapi? Wanaogopa koti la kijani?

Nataka aombe radhi. Jukwaani pale pale, sauti ile ile, BILA HONI. Mpaka sasa mama mkwe yuko chumbani anamuuliza mke wangu kama Jumatatu kuna basi la mapema.

Limeondoka saa ngapi. Wallahi sitalala.

---

Fundi_Feni:
Navuta kigoda. Uzi huu usifutwe.

Binti Raskazone:
Pole sana kaka. Mpe mama pole zake. Lakini samahani, nimesoma pale aliporudia kwenye kipaza sauti nikamwaga chai yote kwenye shuka.

Chongoleani Boy:
Kwani hilo basi liliondoka saa ngapi?

Mgosi_wa_Ngamiani:
@Chongoleani Boy mungu anakuona.

Mzee wa Mkonge:
Vijana mnacheka, lakini huyo MC namdai. Kwenye harusi ya binti yangu alinitambulisha kama "baba mzazi mtarajiwa". Mtarajiwa wa nini, na binti ana miaka 27? Wazee wenzangu wa msikitini hadi leo wakiniona wanasema mtarajiwa huyo anakuja.

Mama Nasra mihogo:
Huyo mwacheni, ana mdomo lakini hana roho mbaya. Shida yangu mimi ni waandaaji. Sisi wenye majiko tumewekwa kule kwenye choo cha kuhamishika, eti moshi unasumbua wageni rasmi. Nani anakula mihogo na pweza mbele ya choo? Nimerudi na beseni langu kama nilivyokwenda. Na kiingilio cha meza nimelipa. Halafu wao wageni rasmi jioni wamenitumia kijana, nimfungie pweza wa elfu kumi, hela atanipa kesho.

Kimanumanu_asilia:
Mleta uzi weka ukweli wote. Nilikuwa nimekaa nyuma yako, wewe wa shati la drafti. Honi ilipolia wa kwanza kucheka ni wewe. Mke wako akakukanyaga mguu ndipo ukakunja uso.

Mgosi_wa_Ngamiani:
@Kimanumanu_asilia nilikuwa nakohoa. Lile vumbi kila mtu kaliona.

Kimanumanu_asilia:
Kikohozi cha kupiga makofi?

Binti Raskazone:
😂😂😂 Jamani nimemaliza chai ya pili.

Fundi_Feni:
Tanga hii, waja leo waondoka leo. Miaka yote wageni hawaondoki, wamenogewa. Leo kapatikana mmoja anataka kuondoka kweli, basi halipo.

Dada wa Majani Mapana:
Mimi nina la kwangu. Yale maspika kwa nini kila Jumamosi yanaelekezwa kwenye nyumba za watu? Nina mtoto mchanga. Nimelala nikijua wadhamini wote kwa majina, nikiamka nawataja kwa mpangilio. Burudani isogezwe bustani ya Jamhuri kule, bahari ipo mbele, upepo upo, maspika yaelekee Toten, hakuna mtu kule wa kulalamika.

Mzee wa Mkonge:
Kisiwani Toten kuna makaburi ya watu wa kale, binti. Nao waachwe wapumzike, wametosheka na fujo za hapa.

Pwani_Kenya:
Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni wa Mombasa, ng'ambo tu hapo, nimesoma nikacheka hadi nimeumwa na mbavu. Nyinyi mna raha, MC wenu aongea Kiswahili mkamfahamu. Huku kwetu ukienda bustani ya Mama Ngina wikendi, huyo wa kipaza sauti katoka bara, kila neno "form ni gani", yaani mpango ni upi. Bibi yangu alidhani wagawa fomu za msaada, akapanga foleni. Kapanga foleni peke yake, nyuma ya spika!

Chongoleani Boy:
@Pwani_Kenya huyo bibi tumuoze kwa mzee mtarajiwa.

Mzee wa Mkonge:
Nakuona, Chongoleani. Baba yako namjua.

Mbongo_Ughaibuni:
Wakuu salaam kutoka Portland, Maine, Marekani. Huku kiangazi chetu ni Juni mpaka Agosti, muziki wa bure bustanini, kila mtu anakuja na kiti chake cha kukunja kutoka nyumbani na chakula chake kwenye boksi la barafu. Mwezi Juni saa mbili usiku jua bado halijazama. Wakongo na Warundi tumejaa, tunakaa pamoja. Hakuna MC anayemsumbua mtu. Bendi inapiga, inasema asante, inaondoka. Sisi tunafeli wapi?

Fundi_Feni:
Kwamba umesafiri mpaka Marekani kwenda kubeba kiti.

Mama Nasra mihogo:
Na sisi wauzaji tungekula nini kama kila mtu kaja na boksi lake? Kaa huko huko.

Mbongo_Ughaibuni:
Nimetoa mfano tu jamani.

Dada wa Majani Mapana:
Jua saa mbili usiku, mtoto analala saa ngapi sasa? Mateso matupu.

Mgosi_wa_Ngamiani:
Naomba turudi kwenye mada. Mama mkwe katoka chumbani sasa hivi. Kakuta mjukuu wake sebuleni anaigiza ile honi. Kapu ameligawa, fenesi kampa jirani, kwangu hakubaki hata chungwa. Kanisemesha neno moja tu, "Mwanangu, wewe hukumwambia kitu yule?" Nimwambie nini mtu mwenye spika nane? Mimi nina koo tu.

Kimanumanu_asilia:
Na hilo koo linakohoa.

Muuza Machungwa Muheza:
Mkuu, samahani, hayo machungwa yalikuwa ya kipande gani? Huku msimu bado, miti mingi haijakaa sawa. Ukiniambia mama anakaa upande upi nitamfuata. Natafuta ya kupakia Fuso moja kwenda Dar.

Binti Raskazone:
Muacheni mtu na huzuni yake, nyie! Ila kaka, fenesi kupewa jirani ni ujumbe huo. Mama mkwe wangu akikasirika hunyamaza. Wako ameshasema kwa tunda.

Msikilizaji wa Zamani:
Hapo juu ametajwa Jamhuri Jazz, nimekumbuka mbali. Vijana wa hapa hawajui kwamba wale ndugu kina Kinyonga waliotikisa Nairobi na bendi yao ya Simba Wanyika walipigia Jamhuri Jazz hapa hapa Tanga, ndipo wakahamia Arusha na baadaye Kenya. Tulikuwa na wanamuziki tukawaachia waende. Tukabaki na mtu wa kushukuru jenereta.

Pwani_Kenya:
Hao twawashukuru sana, na haturudishi.

Wagosi_Damu:
Wasanii tumepoteza, sawa, lakini mpira tunao. Badala ya hizo singeli za bure wangetufungia skrini kubwa pale Tangamano tuangalie Coastal Union ikicheza ugenini. Hiyo ndiyo burudani ya watu wa Tanga.

Kimanumanu_asilia:
Skrini ya kuonyesha nini? Kombe la 1988? Mbona picha yake ipo kwenye kila kinyozi.

Wagosi_Damu:
Angalau sisi tunayo picha. Bingwa wa Tanzania Bara, 1988, andika kwa kalamu. Nyie African Sports, Kimanumanu, mkiingia uwanja wa Mkwakwani hata wauza karanga wanauliza leo kuna mazoezi?

Fundi_Feni:
Haya, yameanza.

Mzee wa Mkonge:
Mwaka huo nilikuwepo. Watu walitoka uwanjani mpaka barabara ya ishirini na moja wanaimba. Mimi kiatu kimoja kilipotea, sikukitafuta.

Kimanumanu_asilia:
Mzee mtarajiwa naye Coastal? Nilijua tu.

Wagosi_Damu:
Usimguse mzee wetu. Wewe shabiki wa Kimanumanu unamcheka mtu kwa jambo gani? Mara ya mwisho kushangilia ilikuwa lini, leo honi ilipolia?

Chongoleani Boy:
Kwa kweli Coastal imepoteza ladha. Wachezaji wanakuja msimu mmoja, ukijua jina lake tu kashauzwa. Zamani kipa unamjua kwao, unamjua hadi baiskeli yake.

Mama Nasra mihogo:
Siku za mechi Mkwakwani ndiyo biashara. Pale hakuna mgeni rasmi wala choo, unapanga beseni getini, watu wanakula wamesimama. Mechi inayofuata ya nyumbani lini?

Muuza Machungwa Muheza:
Na mimi naomba kujua, nilete gunia mbili getini.

Mgosi_wa_Ngamiani:
Jamani nyinyi watu mna roho gani? Mama mzima kashikiwa kipaza sauti mdomoni, kaulizishwa basi mbele ya jiji zima, nyie mnapanga magunia? Nani ana namba ya huyo MC? Nataka aniambie ana kwa ana.

Wagosi_Damu:
Mkuu, hilo la MC lifungulie uzi wake, hapa tunaongelea mpira.

Kimanumanu_asilia:
Hapo tu ndipo nakubaliana na mtu wa Coastal. Haya @Wagosi_Damu, hilo bao la mwisho mwaka jana, refa alisimama wapi?