Mjadala: Duke wa Alba aenziwe kama mwanazuoni, au ahukumiwe kama balozi wa Franco?

Wakuu, kila tukiigusa historia ya Hispania kuna hoja inayojirudia: kwamba Jacobo Fitz-James Stuart, Duke wa 17 wa Alba, alikuwa mwanazuoni kwanza, na miaka yake ya kumwakilisha kule London Jenerali Franco, aliyeiasi serikali ya Jamhuri ya Hispania mwaka 1936 na kuja kuwa dikteta, ni doa la wakati wa vita tu. Wanaosema hivyo wanataka tuyaweke mambo hayo mawili kwenye mafungu tofauti. Mimi nasema hayatenganishiki, na naleta sababu zangu hapa.

Haki yake nampa. Alizaliwa Madrid mwaka 1878, akasomeshwa Uingereza, na alirithi nyaraka ambazo watafiti wangezililia. Hakuzifungia. Alichapisha barua za mabalozi wa kale, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 akatoa chapa ya Biblia ya Alba, ile ambayo Rabi Moses Arragel aliitafsiri kwa Kikastilia katika karne ya 15 kwa kuagizwa na kiongozi wa shirika la mashujaa wa Calatrava. Myahudi na Wakristo katika kazi moja, miongo michache tu kabla Wayahudi hawajafukuzwa Hispania mwaka 1492. Ukitaka kuielewa nchi ile, kitabu hicho huwezi kukiruka. Mwaka 1927 akawa mkurugenzi wa Akademia ya Kifalme ya Historia, cheo alichokaa nacho hadi alipofariki mwaka 1953. Mwaka 1930 aliingia serikalini, kwanza elimu kwa muda mfupi, kisha mambo ya nje.

Sasa tazameni jambo hili kwa karibu. Mwaka 1924, na tena 1928, Howard Carter aliyefukua kaburi la Tutankhamun alikwenda Madrid kwa mwaliko wa Duke. Alihutubia wageni wa Residencia de Estudiantes, makazi ya wanafunzi ambako walipata kuishi mshairi Lorca, mchoraji Dalí na mtengeneza filamu Buñuel. Mkuu wa mahali pale alikuwa Alberto Jiménez Fraud, na Duke alishirikiana na watu wake kupitia kamati ya urafiki wa Hispania na Uingereza. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuja, Lorca aliuawa na upande wa Franco mwaka 1936. Jiménez Fraud akaishia uhamishoni Uingereza, akifundisha Oxford. Na balozi wa utawala uliomfanya asiweze kurudi kwao alikuwa nani? Yule yule aliyemleta Carter kwenye ukumbi wa Jiménez Fraud.

Mnisikilize vizuri: Franco hakumchagua Duke licha ya usomi wake. Alimchagua kwa sababu yake. Mwaka 1937 alihitaji mtu ambaye milango ya London ingemfungukia, na Alba alikuwa na Kiingereza safi, marafiki wasomi, hata udugu wa mbali na Churchill kupitia Arabella Churchill wa karne ya 17. Heshima iliyojengwa kwa vitabu ndiyo iliyousafishia utawala ule njia. Uingereza ilipoutambua rasmi Februari 1939, mtu wake alikuwa keshazoeleka.

*

Mkuu, umeandika vizuri lakini umeruka damu. Novemba 1936 mdogo wake, Hernando, alitolewa gerezani na kupigwa risasi Paracuellos, karibu na Madrid, pamoja na wafungwa wengine wengi walioshikiliwa na upande wa Jamhuri. Ulitaka aende kuwatumikia waliomuua ndugu yake? Na wakati wa Vita Kuu ya Pili, balozi aliyeelewana na Waingereza alikuwa na faida kwa kila mtu, kwa kuwa Hispania haikuingia vitani.

*

Naongezea hapo. Mwezi huo huo wa Novemba jumba lake la Liria, Madrid, liliungua kwa mabomu ya ndege za upande wa Franco. Wanamgambo wa Kikomunisti waliolikalia ndio waliobeba picha nje moto ukiwaka, zikapelekwa Valencia. Vitabu vingi vya maktaba viliteketea. Yaani waliochoma urithi wake ni wale aliowatetea, na waliouokoa ni wale aliowapinga. Kwa mtu wa historia, hilo lilitosha kumfanya asite.

*

Mdau wa kwanza, msiba wa Hernando siudharau hata kidogo. Kaka anayezika mdogo wake namna ile ana haki ya kuwachukia waliofanya hivyo maisha yake yote. Ningemwelewa kama angebaki London kimya, au akakataa pande zote mbili. Wapo Wahispania waliofanya hivyo na wakalipa gharama. Yeye aliendelea mpaka 1945, wakati magereza ya Hispania yalikuwa yamejaa na watu wanauawa baada ya vita kwisha. Kuhusu kutoingia vitani, njaa ya nchi na mahesabu ya Franco mwenyewe vilikuwa na uzito kuliko balozi yeyote. Tena ofisa habari wa ubalozi wake, Alcázar de Velasco, alikuwa akiwapelelezea Wajerumani.

Alijiuzulu baada ya Don Juan, mrithi wa kiti cha ufalme, kutoa tamko la Lausanne Machi 1945 akimtaka Franco aondoke. Wengine watasema hapo dhamiri iliamka. Mimi naona ni utiifu kwa mfalme wake, na ninauheshimu kama utiifu. Si wafungwa waliomtoa kwenye kiti.

Sheria ya Hispania ya Kumbukumbu ya Kidemokrasia ya 2022 ilifuta vyeo kadhaa vya kikabaila vilivyotolewa na Franco. Cha Alba ni cha 1472, hakiguswi, na sidai kiguswe. Jumba la Liria lilijengwa upya na tangu 2019 wananchi wanaingia. Ninachodai ni hiki: popote jina lake linapotajwa kama mlezi wa historia, iwe kitabuni au ukutani, miaka ya 1937 hadi 1945 iandikwe papo hapo, kwa herufi zenye ukubwa ule ule, na jina la Jiménez Fraud liwe pembeni yake. Anayepinga aseme ni lipi kati ya hayo si kweli.