"Mama, kupika haujue": mbele ya watu ishirini, na yeye ndiye alichagua sufuria!

MamaYaSombe (Himbi)

Nimeshuka kwenye boti kutoka kisiwa cha Idjwi, humu ziwani Kivu, sasa hivi. Viatu sijavua, mikono bado ina masizi, na sitangoja hasira ipoe ndipo niandike.

Jina sitaji. Ni yule yule mwenye kupanga matembezi, mwenye kofia, mwenye kujua kila kitu. Munamjua.

Wiki mbili nzima nilimwambia: tunaenda kulala kwenye mahema, tutapikia kuni juu ya mafiga, tuko watu ishirini, tubebe sufuria yangu nzito ya mafundi. Akasema ni nzito, itasumbua botini. Boti inayobeba saruji, mbuzi na pikipiki, sufuria yangu ndiyo itaizamisha! Akaenda kununua seti yake: visufuria vitatu vinavyoingiana kama vya watoto kuchezea, vyeusi ndani, eti chakula hakigandi, na mikono ya plastiki. Vyembamba mpaka ukipiga chafya vinaruka Gisenyi.

Moto wa kuni si gesi, hauna kifungo cha kupunguza. Ule weusi wa ndani unaanza kuharibika joto likipita digrii 260 hivi, na kuni zinafika hapo haraka. Maji hayajachemka, mkono wa sufuria umeshaanza kunuka. Ukalegea kama mshumaa. Sufuria ikainama, nusu ya maharagwe ikazima moto, nusu iliyobaki ikashika chini ikawa makala.

Yeye akaja. Akachukua kijiko, akaonja, akakirudisha ndani ya sufuria kimeshalambwa. Halafu kwa sauti, mbele ya watu ishirini, mbele ya kijana anayetaka kumuoa binti yangu: "Mama, kupika haujue."

Mimi! Mimi niliyepikia matanga ya watu mia tatu pale Katindo, mvua inanyesha, mafiga matatu, bugali ikatoka bila bonge hata moja! Mkwe akaangalia chini. KUPIKA HAUJUE. Na kijiko ameshakilamba!

Chukudu_7

Pole sana mama. Lakini ile nusu iliyobaki muliila?

MamaYaSombe

Unauliza maharagwe? Mtu anatukanwa mbele ya mkwe, wewe unauliza maharagwe?

FundiBirere

Mama ana haki. Alumini inasambaza moto vizuri, lakini ikiwa nyembamba moto unashika pahali pamoja tu, hapo ndipo chakula kinaungua. Ya kuni inataka chini nene, masikio ya chuma na kifuniko kizito. Plastiki yoyote ibaki nyumbani. Na kabla ya kuiweka motoni muipake sabuni au majivu yenye maji upande wa nje. Masizi yatatoka bila kusugua mpaka kucha ziishe.

DadaMajengo

Hizo za mafundi nazo tuziangalie. Zinayeyushwa kutoka vyuma chakavu, hakuna anayejua ndani kulikuwa na nini. Za namna hiyo zilipimwa Kameruni zikakutwa zinatoa madini ya risasi kwenye chakula. Ukipika nyanya au kitu kichachu humo, usikilaze usiku.

MamaYaSombe

Sufuria yangu ina miaka kumi na tano na haijaua mtu! Aliyeniua mimi ni yule, na kijiko chake!

Himbi_Juu

Nyinyi wa ziwani munalia nini? Sisi tulibeba maharagwe mpaka juu ya mlima wa moto Nyiragongo, mita 3,470. Kule maji yanachemka kwa digrii kama 88 tu. Yanaruka, yanatoa povu, lakini moto wa kuivisha haumo. Tulianza saa kumi ya jioni, saa tano ya usiku yalikuwa bado yanalia tik tik kwenye meno. Tukalala na biskuti. Aliyesema tubebe maharagwe, na ile sufuria isiyo na kifuniko, munamjua pia.

Chukudu_7

Kumbe ni huyo huyo?

Himbi_Juu

Huyo huyo. Alituambia hatujui kuwasha moto.

KokoKatindo

Watoto wangu, maharagwe yanataka nyungu ya udongo. Moto mdogo, unaiacha, unaenda shambani, unarudi imeiva.

FundiBirere

Koko, nyungu kwenye boti na mawimbi yale ya Kivu? Itafika vipande.

KokoKatindo

Unaishika kwenye magoti. Sisi tulizishika.

DadaMajengo

Mwenye nguvu ya kubeba achukue ile sufuria nyeusi, nzito, ya chuma cha kumwaga. Haiogopi moto wowote. Ila uikaushe na kuipaka mafuta baada ya kuosha, la sivyo kesho ni kutu.

JiraniMwema

Kwa kuwa tuko kwenye sufuria: nani amekaa na yangu tangu matanga ya mwezi wa pili? Kubwa, masikio mawili, moja limechomelewa. Naazima watu vyombo, mimi nabaki napikia kwenye bakuli!

Chukudu_7

Wangu waliniazima babula, jiko langu la makaa, ikarudi bila miguu.

Himbi_Juu

Yangu haikurudi kabisa. Nikaikuta inauzwa Birere, na alama yangu ya rangi nyekundu iko palepale!

FundiBirere

Jirani, sikio lililochomelewa ni la kushoto? Hiyo niliichomelea mimi.

JiraniMwema

La kushoto! Imeonekana wapi?

DadaMajengo

Ngoja. Ina ufa mdogo kwenye kifuniko?

MamaYaSombe

Jamani. Mbele ya mkwe. KUPIKA HAUJUE.

JiraniMwema

Pole mama. Ndiyo Dada, ina ufa! Iko kwa nani?

DadaMajengo

Iko kwa shangazi yangu. Jumapili alituambia ni ya kwake.