Mjadala: Je, ni sawa kumbana pua mtoto mdogo ili amalize chakula?

Mama, Jinja

Naleta hoja hii kwa wazazi, walezi na wahudumu wa afya, kwa sababu nimekaa nayo moyoni wiki tatu na sasa nimeona ni vyema tuijadili kwa pamoja. Binti yangu ana mwaka mmoja na miezi kumi. Tangu alipoanza kutembea amekuwa akisusa chakula: matoke anayasogeza pembeni ya sahani, posho, yaani ugali wa mahindi, anaifinyanga mkononi mpaka inapoa, maharage anayatema moja moja, na akipenda kitu, kama vile ndizi tamu ya bogoya iliyoiva, atakitaka hicho hicho siku nne mfululizo kisha asitake hata kukiona. Nyumbani tulikuwa tukimbembeleza. Kwa kuwa ninaondoka alfajiri kwenda kazini, chakula cha mchana anakula katika kituo cha kulelea watoto.

Siku moja niliruhusiwa kuondoka mapema, nikapita kumchukua wakati wa chakula. Mlezi alikuwa amekaa mkekani, amempakata chali, miguu ya mtoto ameibana katikati ya mapaja yake, mkono wa kushoto umeshika pua na wa kulia umeshika kijiko cha matoke yaliyopondwa pamoja na mchuzi wa karanga. Mtoto asiyeweza kuvuta hewa puani lazima afungue mdomo, na alipoufungua kijiko kikaingia. Alimeza, akapaliwa, akakohoa mpaka mchuzi ukamtoka puani. Mlezi alimfuta uso kwa upole, akamwita "mwanangu", kisha akambana pua tena. Sikuona ukatili usoni mwake, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwa kuwa alikuwa akifanya kazi anayoamini ni njema. Tangu siku hiyo, binti yangu akiona sahani ya plastiki ya buluu inayofanana na ile ya kituoni, hufunika mdomo kwa viganja vyote viwili.

Msimamo wangu ni kwamba vituo vyote vya kulelea watoto vikatazwe kabisa kulisha kwa nguvu, na majumbani nasi tuache. Najua wengi hapa walilelewa hivyo, nami nililelewa hivyo. Nawaomba mseme mnavyoona.

Jaja, Mbale

Mwanangu, nimesoma maneno yako mara mbili, na pole kwa kilichompata mtoto. Hata hivyo sikubaliani nawe, na nitakueleza sababu.

Nimelea watoto saba wa tumbo langu na wajukuu baada yao. Nimekaa wodini wiki nzima na mtoto aliyevimba miguu, nywele zimegeuka rangi, ngozi inabambuka, mtoto asiyelia tena kwa sababu hana nguvu ya kulia. Ugonjwa huo haukuja siku moja. Ulianza na mtoto aliyeachishwa ziwa kwa haraka kwa sababu mama yake alikuwa na mimba nyingine, akakataa chakula, na watu wa nyumbani wakasema mwacheni, akisikia njaa atakula. Mtoto wa miaka miwili hajui kwamba wiki ijayo atashikwa na malaria. Homa ikimkuta hana akiba mwilini, humwangusha kwa siku mbili. Mimi mama yake ndiye ninayejua, na kwa kuwa najua, ni wajibu wangu kuhakikisha chakula kimeingia. Nilibana pua, sikatai. Watoto wangu wote saba wako hai.

Tena wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Ukimwachia mtoto aamue anachokula akiwa na miaka miwili, atakuamulia mambo gani akifika kumi?

Mwuguzi, Gulu

Nafanya kazi ya lishe ya watoto, na naomba nianze na mwili wa mtoto wenyewe, kwa sababu sehemu kubwa ya ugomvi huu hutokana na sisi watu wazima kutoelewa kinachoendelea ndani yake. Mtoto aliyezaliwa na kilo tatu huwa na takriban kilo tisa anapotimiza mwaka mmoja, yaani uzito wake umekuwa mara tatu. Katika mwaka wa pili wote huongeza kilo mbili hadi tatu tu. Kasi ya kukua inapopungua, hamu ya kula nayo hupungua, na jambo hilo hutokea wakati ule ule mama anapotarajia ale zaidi kwa kuwa sasa anakimbia uani. Umri huo huo ndio mtoto anaoanza kuogopa vyakula asivyovizoea. Chakula kipya huenda kikahitaji kuwekwa mbele yake mara nane, mara kumi, hata mara kumi na tano, kidogo kidogo na bila shinikizo, kabla hajakikubali. Wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu, wakasema huyu hapendi mboga.

Kuhusu kubana pua, siwezi kusema kwa upole. Mtoto anayelia huku pua imebanwa huvuta hewa kwa nguvu kupitia mdomo ule ule uliojaa chakula, na chakula hicho kinaweza kuingia katika njia ya hewa kikamkaba papo hapo, au kikashuka mapafuni na kuleta nimonia. Kukohoa mpaka mchuzi utoke puani ni onyo kwamba hatari hiyo ilikuwa karibu.

Jaja, hofu yako ni ya kweli na hakuna anayepaswa kuidharau. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba watoto 29 kati ya kila 100 wenye umri wa chini ya miaka mitano hapa Uganda walikuwa wamedumaa, na 53 kati ya kila 100 wenye umri wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu. Lakini wengi wa watoto hao hula mpaka wakashiba. Wanashiba matoke, mihogo na posho. Tatizo liko katika kile kilichomo ndani ya kijiko kuliko idadi ya vijiko. Ndiyo maana kitengo cha lishe cha Mwanamugimu katika Hospitali ya Mulago kimefundisha akina mama kitobero kwa miaka mingi: chakula kikuu kama matoke au viazi, kitu cha mimea kinachojenga mwili kama maharage au karanga zilizosagwa, kitu cha mnyama kama yai au mukene (dagaa) aliyesagwa, na mboga za majani, vyote vikipikwa pamoja kwa mvuke ndani ya jani la mgomba. Vijiko vitano vya kitobero vilivyoliwa kwa hiari vina faida kuliko sahani nzima ya posho iliyoshindiliwa.

Naomba pia mtazame saa zinazotangulia mlo. Mtoto aliyekunywa vikombe vitatu vya chai ya maziwa yenye sukari kabla ya saa sita mchana hana njaa, na zaidi ya hayo chai huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika chakula. Nimewaona wazazi wengi wanaoniambia mtoto wao hali kitu, na nikiuliza anakunywa nini, jibu ndilo hilo.

Yupo mtoto ambaye kukataa kwake ni ugonjwa. Angalia mdomo kama una vidonda au utando mweupe, angalia kama ana homa, kama anaharisha, kama meno yanatoka. Mpeleke apewe dawa ya minyoo na vitamini A katika siku za afya ya mtoto, mwezi wa Aprili na Oktoba. Na umwombe mhudumu wa afya wa kijiji ampime mkono kwa ule utepe wa rangi tatu: kijani ni zaidi ya sentimita 12.5, njano ni kuanzia 11.5, na nyekundu, chini ya hapo, maana yake ni kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Mtoto mwenye mkono wa kijani anayecheza na kukojoa kawaida hahitaji kulazimishwa kijiko hata kimoja.

Baba, Kampala

Nina swali fupi. Sisi nyumbani hatubani pua. Tunampa simu yenye katuni, na akiwa ameduwaa tunamwingizia kijiko. Anamaliza sahani bila kujua amekula nini. Je, hilo nalo mnaliita hiari? Mimi mwenyewe nimeanza kulitilia shaka, kwa sababu simu ikizimika chaji, na mdomo unafungwa.

Kuhusu vituo, naona msingi wa sheria tayari upo. Sheria ya Watoto ilivyorekebishwa mwaka 2016 inakataza adhabu ya kumuumiza mtoto mwilini katika taasisi za elimu. Atakayedai kwamba kubana pua ni kulisha, si adhabu, na amtazame mtoto anayefanyiwa hivyo.

Mlezi wa watoto, Entebbe

Mimi ni mlezi katika kituo. Si yule aliyeelezwa na mama wa Jinja, lakini nimefanya alichofanya yule, na nataka niseme bila kujitetea, kwa sababu naona mnazungumza kana kwamba sisi tumezaliwa tukipenda kubana pua za watoto.

Tuko walezi wawili na watoto kumi na sita, kumi kati yao hawajatimiza miaka mitatu. Chakula kinaanza saa sita na nusu, na saa saba na nusu wanatakiwa wawe wamekula, wameoshwa na wamelala. Nikimsubiri mmoja amung'unye tonge kwa dakika tano, wengine tisa wanalia au wanamwagiana mchuzi.

Saa hizo ningeweza kuzivumilia. Kinachonishinda ni mkebe. Kila mtoto anakuja na mkebe wake wa chakula, na jioni mzazi anapofika, kabla hajamgusa mtoto, anauliza: "Amekula?" Kisha anafungua mkebe. Ukiwa mtupu, mimi ni mlezi mwema. Ukiwa na wali uliobaki, nasomewa hesabu ya bei ya mchele, naulizwa kama nilimnyima mtoto, na mara moja niliambiwa mbele ya watoto kwamba nilikula mimi nyama yake. Mlezi mwenzangu alipoteza kazi kwa mikebe mitatu ya wiki moja iliyorudi na chakula. Baada ya hapo kila mmoja wetu alijua kwamba mkebe lazima urudi mtupu. Wengine walimwaga chakula chooni. Mimi niliona kumwaga ni udanganyifu, nikabana pua. Mungu anisamehe, nilidhani nimechagua lililo bora.

Na mikebe yenyewe, ndugu zangu, ni mikubwa. Wali, matoke, kipande cha kuku, juu yake bogoya nzima na pakiti ya biskuti. Mimi mtu mzima nashiba humo. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja na nusu si kubwa kuliko ngumi zake mbili.

Kitu kimoja nilichojifunza ni kwamba wakiketi duara kuzunguka sinia moja hula tofauti. Yuko mvulana aliyekuwa akitema dodo (mboga ya mchicha) kila siku. Nilimketisha karibu na msichana wa miaka minne anayependa dodo, nikawapa kila mmoja kifungu chake, nikanyamaza. Siku ya sita alichota kwa vidole, akanusa, akaweka ulimini, akatoa, akaweka tena. Hakuna aliyemtazama isipokuwa mimi, nami nilijifanya sioni. Sasa anakula, si nyingi, lakini anakula.

Jaja, Mbale

Mwuguzi, nimekuelewa kuhusu njia ya hewa, na hilo la pua naliacha leo. Nilikuwa sijaambiwa. Hata hivyo msinichukulie kwamba nimekubali yote. Mtoto akikataa kitobero, sahani iondolewe, na asipewe biskuti wala soda baada ya nusu saa kwa sababu amelia. Hapo ndipo nyinyi wazazi wa siku hizi mnapopotea, maana mnabembeleza mchana kisha mnanunua amani kwa biskuti jioni, halafu mnashangaa kwamba hataki maharage. Na usiku bado sijaridhika. Mtoto akilala bila kula, mama yake atapataje usingizi?

Mwuguzi, Gulu

Jaja, kuhusu biskuti tuko pamoja kabisa. Mzazi anaamua ni chakula gani, saa ngapi na wapi. Mtoto anaamua ale kiasi gani. Kuhusu usiku, kama bado ananyonya, na anyonye, kwani Shirika la Afya Duniani linashauri kunyonyesha kuendelee mpaka miaka miwili na zaidi. Kama hanyonyi, mpe kidogo kile kile mlichokula wote kabla ya kulala, mara moja, bila kupika kingine. Akikataa, mtoto mwenye afya hatadhurika kwa usiku mmoja.

Mama, Jinja

Nimesoma mchango wa mlezi wa Entebbe huku nikijiona ndani yake. Mkebe wa binti yangu ulikuwa mkubwa, na kila jioni niliuliza swali lile lile kabla ya kumbeba. Sijabadili msimamo wangu kwamba kubana pua kukatazwe, tena iandikwe katika masharti ya kila kituo na wazazi waweke saini. Ila naongeza sharti jingine, kwamba mzazi asimhukumu mlezi kwa chakula kilichobaki, wala kituo kisimfukuze mtu kwa sababu hiyo. Tukikataza kubana pua na kuacha swali la jioni kama lilivyo, watoto watabanwa pua mlango ukiwa umefungwa.

Jana nilirudi kwa mlezi wa binti yangu. Nilikuwa nimepanga kumgombeza, lakini nilimsimulia mambo haya, naye akakaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza: "Kwa hiyo kesho mkebe ukirudi nusu, hutakasirika?" Nilimwambia sitakasirika.

Mlezi wa watoto, Entebbe

Basi nawaomba wazazi mnaosoma hapa: Jumatatu leteni nusu ya mnachopakia sasa. Mtoto akiomba zaidi nitawapigia simu, na biskuti zibaki nyumbani.