Huduma ya kupanga chipukizi wa besiboli inatufanya mazuzu: umri hawautaji, uwanja hawautaji, na wakikosea wanafuta

Wakuu, salaam.

Kwanza nawaomba wasimamizi wasiuunganishe uzi huu na ule wa matokeo ya ligi kuu, kwa sababu mimi sizungumzii nani kashinda jana. Nazungumzia jinsi chipukizi wa ligi ndogo za besiboli za Marekani wanavyopimwa, na jinsi tunavyotozwa fedha kwa vipimo ambavyo hata mnunuzi wa maembe sokoni asingevikubali, maana yeye hulibonyeza embe kabla ya kulipa.

Naishi Albuquerque, jimbo la New Mexico, mwaka wa saba sasa, na nikitoka kazini jioni huwa napitia uwanja wa Isotopes, timu inayolea wachezaji wa klabu ya Colorado Rockies katika daraja la Triple-A, lililo la juu kabisa katika ligi ndogo. Mji huu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unaelea, na mrushaji anayetegemea mpira wa kupinda hugundua mapema kwamba hapa haupindi kama alivyouzoea. Mara nyingi nimemwona mlinzi wa nje akipiga hatua mbili mbele kuufuata mpira ambao mlio wa gongo ulimwambia kwamba ni mwepesi (gongo la kupigia, wakuu, si lile la kunywa), kisha anasita, anarudi kinyumenyume, anageuka kabisa, na mwisho anasimama mkono ukutani akiutazama ukiangukia kwa mashabiki waliojilaza kwenye nyasi. Katika takwimu, hiyo ni homurani (pigo linalovusha mpira nje ya uwanja) sawa na nyingine yoyote. Hakuna safu inayoandikwa kwamba nusu yake ilipigwa na hewa.

Sasa, mwezi wa Februari nililipa dola 60 kwa mwaka mzima kwa huduma moja ya uchambuzi ambayo sitaitaja jina, inayojinadi kwamba inaorodhesha chipukizi 100 bora na kueleza nani ataiweza ligi kuu. Katika thelathini wa kwanza nikamkuta mpigaji mmoja wa mkono wa kushoto, mlinzi wa kituo cha kwanza, anayecheza katika Pacific Coast League, ligi ileile yenye viwanja vya miinukoni vya Albuquerque, Reno na Salt Lake. Walimsifu kwa wastani wake wa kupiga wa .331 (yaani mapigo salama 331 kwa kila zamu 1,000) na homurani zake, wakamweka mbele ya vijana waliokuwa daraja la chini yake, na wakatabiri kwamba angekuwa nguzo ya timu yake kwa miaka kumi. Maelezo yalikuwa kurasa mbili nzima, na katika kurasa hizo mbili umri wake haukutajwa hata mara moja. Nililazimika kuutafuta mwenyewe: alikuwa na miaka 26, na ule ulikuwa msimu wake wa tatu katika daraja hilohilo.

Kwa mtu asiyefuatilia mchezo huu huenda jambo hilo likaonekana dogo, lakini ndilo kiini cha shughuli nzima. Tangu mwaka 2021 ligi ndogo zina timu 120, kila klabu ya ligi kuu ikiwa na moja katika kila daraja kati ya manne, kuanzia Single-A, High-A, Double-A hadi Triple-A, na chini ya hapo kuna ligi za kambi, za vijana wanaoanza, za Arizona na Florida pamoja na ile ya Jamhuri ya Dominika. Mvulana wa miaka 19 anayejikongoja na wastani wa .270 huko Double-A anakabiliana na wanaume waliomzidi miaka mitano, na bado anakua. Mtu wa miaka 26 anayetamba Triple-A kwa msimu wa tatu ameshawajua warushaji, ameshavijua viwanja, na mwili wake ndio huo. Juan Soto alicheza mechi 8 tu za Double-A kabla ya Washington Nationals kumwita mwezi Mei 2018 akiwa na miaka 19, na alimaliza mwaka ule na homurani 22 katika mechi 116. Waliomwamini hawakuongozwa na takwimu za mechi nane. Waliona kijana mdogo kuliko karibu kila aliyemzunguka akiuacha mpira mbaya upite kana kwamba ameshaambiwa unakoelekea.

Halafu kuna alama. Wasaka vipaji hutumia kipimo kinachoanzia 20 na kuishia 80, ambapo 50 ni uwezo wa kawaida wa mchezaji wa ligi kuu, narudia, wa ligi kuu, si wa ligi anayochezea kijana kwa sasa. Sisi tuliosomea kwenye mitihani ya asilimia tukiona 60 tunadhani ni mwanafunzi aliyepita kwa taabu, kumbe 60 maana yake ni mtu aliyewazidi waziwazi wengi wa wale tunaowatazama kwenye runinga. Mchambuzi makini huandika alama mbili, ya leo na ya kesho, kwa mfano 30 kwa 55, ili msomaji aone umbali uliobaki na ajue kwamba umbali huo ndio wenye hatari. Huduma hii iliandika 60 moja, peke yake, kwa uwezo wa kupiga wa mtu ambaye karibu theluthi ya zamu zake ziliishia kwa straiki tatu, yaani alitolewa baada ya kukosa au kuacha mipira mitatu halali. Niliwauliza kwa barua pepe kama hiyo ni 60 ya leo au ya kesho. Nikajibiwa kwamba timu yao ya wachambuzi inathamini sana maoni ya wateja.

Mpigaji huyo alikuja hapa na timu yake mwishoni mwa Aprili, nami nikanunua tiketi ya nyuma ya bamba la nyumbani, pale mpigaji anaposimama, ili nimwone kwa karibu. Kando yangu alikaa mzee mmoja mwenye kofia ya majani, daftari na saa ya kusimamisha, na sikuhitaji kuuliza kazi yake. Kijana alipopiga mpira wa chini kuelekea kushoto, mzee alibonyeza saa gongo lilipolia na akabonyeza tena mguu ulipogusa kituo cha kwanza, kisha akanigeuzia nione: sekunde 4.6. Kwa mpigaji wa kushoto kasi ya kawaida ya ligi kuu ni kama sekunde 4.2. Maana yake ni kwamba kijana hana miguu ya kucheza kokote isipokuwa kituo cha kwanza, na mlinzi wa kituo cha kwanza asiyepiga vizuri sana hana kazi, kwa sababu kila klabu ina foleni ya watu wakubwa wazito wanaosubiri nafasi hiyohiyo moja. Katika zamu yake ya pili alizungusha gongo mara tatu kwenye mpira wa kasi wa maili 96 uliorushwa juu ya kiuno na hakuugusa. Katika zamu ya tatu mrushaji alikuwa wa maili 90, akaupeleka mbali hadi watu wakasimama. Mzee hakuandika chochote kwenye ile homurani. Aliandika mistari miwili baada ya ile mizunguko mitatu ya gongo aliyoukosa mpira.

Zile kurasa mbili za dola 60 hazikuwa na neno hata moja kuhusu mpira wa kasi wa juu.

Walikuwa pia na jedwali la kujivunia, linalolinganisha idadi ya mara alizopewa kituo cha kwanza kwa mipira minne mibaya na zile za wapigaji wa miaka kumi iliyopita katika daraja lilelile. Hapo ndipo niliposhika kichwa. Mwaka 2019 Triple-A ilianza kutumia mpira wa ligi kuu, na idadi ya homurani ikaruka kwa zaidi ya nusu ndani ya msimu mmoja. Mwaka 2023 viwanja vyote vya Triple-A viliwekewa mitambo ya kuamua straiki, siku nyingine mitambo ikiamua kila mpira na siku nyingine wachezaji wakipewa haki ya kukata rufaa kwa mitambo hiyo. Mpira uleule uliokuwa straiki machoni pa mwamuzi wa mwaka 2014 leo unaweza kuwa mpira mbaya. Ukizilinganisha enzi hizo mbili bila kuyasema hayo, unamlinganisha mtu aliyekimbia kwenye mchanga na aliyekimbia kwenye lami.

Naomba nieleweke. Sidai mtu asikosee, kwa sababu kazi hii imejaa makosa hata kwa wenye klabu. Albert Pujols, katika uchaguzi wa kila mwaka ambapo klabu hugawana vijana wapya, aliachwa hadi raundi ya 13 mwaka 1999, wakachaguliwa vijana 401 kabla yake, na mwaka 2001 alikuwa chipukizi bora wa National League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu. José Altuve alifukuzwa kwenye majaribio nchini Venezuela kwa ufupi wake, akarudi kesho yake, akasainiwa kwa dola 15,000, na mwaka 2017 akatwaa tuzo ya mchezaji bora. Upande wa pili yuko Brandon Wood, aliyepiga homurani 43 mwaka 2005 akiwa na timu ya Rancho Cucamonga, katika ligi ya California ambayo viwanja vyake vilijulikana kwa kuwabeba wapigaji. Alipofika ligi kuu, homurani zake za maisha yote zikawa 18 na wastani wake .186. Jarred Kelenic aliwachapa warushaji wa Triple-A akiwa Tacoma, lakini katika mwaka huohuo wa 2021 akapitia zamu rasmi 39 mfululizo za kupiga katika ligi kuu bila pigo salama hata moja. Jackson Holliday, aliyechaguliwa wa kwanza kabisa mwaka 2022, aliitwa na Baltimore Aprili 2024, akapata mapigo salama 2 katika zamu 34, akarudishwa Norfolk katika Triple-A, na hakuna mwenye akili aliyesema kipaji chake kimekwisha. Kukosea kwa aina hiyo nakuheshimu, kwa sababu waliotabiri walisimama hadharani, maandishi yao ya zamani bado yapo, na yeyote anaweza kuyasoma akawacheka au akajifunza.

Lililonifanya nifungue uzi huu ni hili. Mpigaji wetu aliitwa ligi kuu mwezi Mei, warushaji wakagundua ndani ya wiki moja kwamba mpira wa juu haugusi, na baada ya wiki tatu akarudishwa. Nilipofungua ile orodha ya Februari ili niisome upya, jina lake halikuwamo. Mahali pake palikuwa na kijana mwingine, mrushaji ambaye Februari hakuwamo hata katika mia moja, tena ameandikiwa sifa za kutabiriwa mapema, na tarehe ya makala bado inasomeka Februari. Hawakuandika kwamba imehaririwa, wala hawakuweka nyota, wala hawakusema samahani. Bahati nzuri ninayo picha ya skrini niliyomtumia mdogo wangu siku niliyolipa, na ndiyo niliyoibandika hapo chini pamoja na ya sasa. Linganisheni wenyewe.

Nawaambia hasa wenzangu wa Afrika Mashariki, kwa sababu najua wengi wetu tumeingia kwenye mambo haya baada ya klabu za ligi kuu kuanza kuwasaini vijana wa Uganda, na huduma hii ina ukurasa maalumu wa vipaji vya Afrika unaouzwa kwa dola 15 za ziada. Nimeununua pia, nakiri. Umejaa picha nzuri na maneno ya hamasa, ila haukutaja popote kila kijana amecheza mechi ngapi, katika ligi ya kambi au ya juu yake. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mtu wa kwanza aliyezaliwa na kukulia Afrika kucheza ligi kuu, alisainiwa na klabu ya Pittsburgh Pirates mwaka 2008 na hakuikanyaga ligi kuu hadi tarehe 26 Aprili 2017. Miaka yote hiyo waliokuwa wakimtathmini kwa haki walisema mikono yake ya kudaka ni ya ligi kuu na gongo lake lina mashaka. Alipata pigo salama katika zamu yake ya kwanza kabisa, mbele ya Jon Lester, mrushaji wa Chicago Cubs, na watu tulilia kwa furaha, lakini alimaliza msimu ule na wastani wa .222, yaani walikuwa sahihi kwa yote mawili. Hawakumdharau, wala hawakutuuzia ndoto.

Ninachokidai kwa huduma hii ni vitu viwili tu. Orodha ya Februari irudishwe kama ilivyokuwa, pamoja na lile jina, na umri uandikwe mbele ya kila chipukizi kabla ya takwimu nyingine yoyote. Dola zangu 75 wanaweza kubaki nazo. Barua pepe yangu ya tatu niliituma siku 11 zilizopita nikiwa nimeambatisha zile picha mbili, na hadi naandika hapa hawajajibu. Wakijibu, nitaibandika humu neno kwa neno.