Hoteli Malindi: muuza maziwa ya kopo ataka kutupambia chumba cha kunyonyeshea. Tupokee?

Zamu_ya_Asubuhi (mwanzisha uzi)
Asalaam aleikum, hamjambo nyote. Naomba ushauri wa wanaoijua kazi hii. Ni hoteli ya ufukweni hapa Malindi, wafanyakazi 74, sita kati yao wana watoto wa chini ya mwaka. Wakuu wamekubali kutenga chumba cha kunyonyeshea na kukamulia maziwa. Rangi haijakauka, msambazaji mmoja wa maziwa ya kopo kaleta barua. Atatoa friji, viti viwili, pazia na picha za ukutani. Kila mama atapata makopo mawili ya gramu 400, na kila robo mwaka “somo la lishe” la saa moja. Yeye ataka nembo yake mlangoni, pamoja na orodha ya akina mama: majina, simu, tarehe za kuzaliwa watoto. Asema makopo ni ya namba 3, ya watoto waliovuka mwaka, kwa hiyo hakuna sheria inayoguswa. Meneja aona ni bahati imejileta. Jibu latakiwa Ijumaa. Tupokee yote, tuchague, au tukatae? Na tukikataa, chumba chenyewe kiwe na nini?

Wakili_wa_Pwani
Kataeni yote, na friji ikiwemo. Nitaeleza kwa nini friji, maana ndiyo itakayomuuma meneja.

Kenya ina sheria yake ya kudhibiti bidhaa zinazochukua nafasi ya maziwa ya mama, ya mwaka 2012, na kanuni zake zikafuata 2021. Nyuma yake kuna Kanuni ya Kimataifa ya uuzaji wa bidhaa hizo, iliyopitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani Mei 1981, kura 118 dhidi ya moja tu, ya Marekani. Kanuni hiyo haizuii kuuza. Yazuia kushawishi: kutangaza kwa umma, kugawa sampuli kwa wajawazito na akina mama, kuwapa zawadi zinazovuta kwenye bidhaa, na watu wa mauzo kuwafikia akina mama moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Lile “somo la lishe” ndilo mlango wa nyuma wenyewe.

Sasa chumba. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 71, yamtaka mwajiri aweke chumba hicho: pa kunawa mikono, friji au chombo cha kupoza, soketi ya pampu, meza ndogo, viti vya starehe. Kisiwe chooni. Kifungu hicho hicho chamtaka mwajiri azuie kwa nguvu matangazo au uuzaji wa maziwa ya kopo ndani ya chumba, ya wazi au ya kuzunguka. Friji yenye nembo ni tangazo linalotoa sauti ya mota.

Na ile orodha: ni taarifa binafsi za wafanyakazi. Mkiitoa bila ridhaa yao mmejitia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Mpwani_Mtulivu
Hiyo namba 3 ni ujanja wa zamani. Kopo la 1, la 2 na la 3 yana rangi ile ile, dubu yule yule, tofauti ni tarakimu pembeni. Ukilisifu la 3 umelisifu la 1. Mwaka 2016 Mkutano wa Afya Duniani ulipokea mwongozo unaohesabu maziwa yoyote yanayouzwa kwa watoto hadi miezi 36 kuwa ni mbadala wa maziwa ya mama. Na aliyevuka mwaka hana haja nayo. Ale chakula cha nyumbani, anywe maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, aendelee kunyonya.

LisheKwanza
Niongeze hesabu, labda meneja atasikia hesabu kuliko sheria.

Mtoto wa kilo 5 anywa takriban mililita 150 kwa kila kilo kwa siku, yaani 750. Hiyo yala unga wa karibu gramu 100. Kopo la gramu 400 laisha siku ya nne. Mawili, siku ya nane. Na usijidanganye kwamba namba 3 haitapewa mtoto wa miezi minne. Kopo likishaingia jikoni, bibi hasomi tarakimu.

Ziwa la mama hutengeneza maziwa kwa kadiri yanavyotolewa. Maziwa yakikaa ndani, mwili wapata habari kwamba mteja hayupo, uzalishaji washuka. Kwa hiyo siku ya tisa, zawadi imekwisha na maziwa ya mama yamepungua. Mtoto alia, na sasa kopo lanunuliwa kwa mshahara. Wala msambazaji hakudanganya mtu. Alitoa siku nane akapata mteja wa miezi kadhaa.

Jambo la pili linalouza makopo ni kilio. Mtoto akilia jioni, jirani asema “maziwa hayamtoshi”. Kilio si kipimo. Tazama mkojo: baada ya wiki ya kwanza, nepi sita au zaidi zilizolowa kwa siku. Tazama mizani ya kliniki: uzito wa kuzaliwa uwe umerudi ndani ya wiki mbili, kisha uzidi kupanda. Hivyo viwili vikiwa sawa, maziwa yatosha. Mtakapotaka somo la lishe, mwombeni afisa wa lishe wa hospitali ya serikali aje. Hauzi kitu.

Kijana_wa_Ngomeni
Mimi naona mnamwonea mfanyabiashara. Kuna akina mama hawana maziwa kweli, kuna yatima, kuna wanaotumia dawa zisizopatana na kunyonyesha. Hao wafe njaa kwa sababu ya kanuni ya 1981?

LisheKwanza
Hakuna aliyesema kopo lifungiwe, kaka. Duka la dawa liliuze, na mama aliyeelekezwa na mhudumu wa afya alinunue au asaidiwe kulipata, tena afundishwe peke yake, si kwenye mkutano wa wafanyakazi wote. Na mafundisho hayo ndiyo watu wa mauzo huyapitia mbio, kwa hiyo nayaandika hapa.

Unga wa kopo haukuwahi kuwa safi kabisa, bila vijidudu. Waweza kuwa na bakteria aitwaye Cronobacter. Ndiyo maana maji yachemke, yasikae zaidi ya nusu saa, yawe bado na nyuzi 70 au zaidi unga unapoingia. Maji kwanza, unga baadaye, kijiko kilichosawazishwa kwa kisu, si cha kilima. Fuata idadi ya vijiko ya kopo hilo hilo, maana vijiko havilingani. Ukizidisha maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi, mtoto ashiba maji akonda. Poza chupa kwenye beseni, jaribu tone kwenye kifundo cha mkono, na kilichobaki baada ya saa mbili kimwagwe.

Halafu jambo la huku kwetu ambalo lebo haikutaja: maji ya kisima yenye chumvi. Kuchemsha hakuondoi chumvi, kwazidi kuikoleza kwa sababu maji yapungua. Figo za mtoto mchanga haziwezi mzigo huo. Yatumike maji matamu tu, nayo yachemshwe vile vile.

Fundi_Baridi
Kabla hamjasema “tutachukua friji ndogo ya chumba cha mgeni”, ngojeni. Nyingi za hizo hazina kompresa, ile mota inayosukuma gesi ya kupoza. Zile za kupoza kwa umeme mtupu hushusha kama nyuzi 20 chini ya joto la chumba. Kaskazi ikipiga, chumba kikiwa 32, ndani mna 12. Soda itanyweka, maziwa ya mtoto yataharibika. Nunueni friji ya kompresa, hata ya juu ya meza. Wekeni kipimajoto rafu ya kati, kisome nyuzi 4 au chini, na mtu aandike kwenye karatasi asubuhi na jioni. Maziwa yasikae mlangoni mwa friji. Friji isibane ukuta, nyuma iachwe nafasi ya kiganja ipumue. Isitumike kwa chakula cha mchana cha mtu yeyote, hata cha meneja.

Stima ikikatika, msifungue mlango. Wekeni vipande vya barafu vya jeli kwenye jokofu la kugandishia la jikoni muda wote, na kisanduku cha kupozea kando. Jenereta ikichelewa, hamisheni.

Bint_Langoni
Kwa joto letu msishike ile kanuni ya “saa nne mezani”, kwamba maziwa yaliyokamuliwa yaweza kukaa nje ya friji kwa muda wa saa nne. Hiyo ni ya chumba kisichozidi nyuzi 25. Hapa, yakishakamuliwa yaingie baridini hapo hapo. Kwenye friji ya nyuzi 4 yakaa siku nne. Kwenye kisanduku chenye barafu ya kutosha, saa 24. Kwa wafanyakazi wa Lamu wanaovuka na boti kutoka Mokowe, kisanduku ndicho friji yenyewe: barafu chini na juu, vyombo katikati, kifuniko kisifunguliwe njiani.

Mililita 60 hadi 120 kwa chombo kimoja, kioo au plastiki ngumu yenye kifuniko. Maziwa ya joto yasimiminwe juu ya yaliyopoa. Yapoze kwanza ndipo uchanganye. Yakitulia, mafuta hupanda juu kama malai. Wengi huyamwaga wakidhani yameganda, kumbe yataka kutikiswa taratibu tu. Kupasha ni kwa bakuli la maji ya moto, si jikoni, si kwa maikrowevu. Nyumbani mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo. Chakosheka kirahisi kuliko chupa na chuchu.

Jambo jingine sijaona mtu kaligusa. Friji ya pamoja yataka majina makubwa, wino usiofutika, na kila mama awe na kisanduku chake chenye kifuniko ndani ya friji. Si usafi peke yake. Huku wengi wetu ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na mtoto wa chini ya miaka miwili akinyweshwa maziwa ya mama mwingine mara tano tofauti, hata kwa kikombe, amekuwa ndugu wa kunyonya na watoto wa mama huyo. Hawaoani. Mama akihofia vyombo kubadilishana, hataitumia friji hata iwe ya dhahabu, nanyi mtasema “tuliwawekea chumba, hawakitaki”.

Zamu_ya_Asubuhi
Dada, hilo la majina halikutupita akilini kabisa. Ahsante. Na muda je? Wengi ni wa vyumbani na dobi. Meneja asema wakamue saa ya chakula.

Wakili_wa_Pwani
Saa ya chakula ni ya chakula. Kifungu cha 72 cha Sheria ile ile ya Afya: mapumziko ya kunyonyesha ni juu ya yale ya kula, yahesabiwa kuwa ni kazi ya kulipwa, kwenda na kurudi kukiwemo, jumla isizidi saa moja kwa kila saa nane.

Mkuu_wa_Vyumba
Hapo ndipo panapoharibika, na sheria haitaokoa. Mtu wa vyumba ana idadi ya kusafisha. Ukimpa saa moja ya kukamua na ukamwachia vyumba vile vile 16, saa hiyo ni ya karatasini tu. Ataruka zamu ya kukamua, maziwa yatamjaa, ziwa litavimba, wiki ya pili ataomba kopo. Saa moja katika nane ni sehemu ya nane: 16 ziwe 14. Andikeni kwenye ratiba ili msimamizi wa jioni asiibadili.

Chumba kiwe karibu na dobi, kisiwe kule kwenye ofisi. Saa ile ikigawanywa mara mbili, akitembea dakika sita kwenda na sita kurudi, nusu saa imebaki dakika 18, na kukamua kwa mkono matiti yote mawili huchukua 20 hadi 30. Mashine ya kusaini ipangwe isimkate mshahara akitoka kituoni. Mlango ufungwe kwa ndani.

Mpwani_Mtulivu
Barua iwe fupi, msijieleze sana: “Tumepokea pendekezo lenu. Hoteli itagharamia chumba hiki yenyewe. Hatupokei vifaa, bidhaa, mafunzo wala nembo kutoka kwa watengenezaji au wasambazaji wa maziwa ya watoto, chupa na chuchu, na hatutoi taarifa za wafanyakazi.” Basi. Msiandike “kwa sasa”, atarudi mwezi ujao. Na duka la hoteli likiuza makopo kwa wageni, yakae rafuni bila punguzo la bei wala bango.

Zamu_ya_Asubuhi
Barua imesainiwa leo, meneja kanuna lakini kasaini. Tumepata stoo ya mashuka iliyopakana na dobi. Ina soketi mbili, bomba la maji liko ukuta wa pili. Tatizo ni joto la mashine za kukaushia, ukuta wagusika moto kabisa.

Fundi_Baridi
Friji iende ukuta ulio mbali na dobi, viti pia. Toboeni tundu la hewa juu ya dirisha, feni ivute nje. Pimeni joto la chumba saa nane mchana mashine zote zikiwaka. Likizidi 35, tafuteni stoo nyingine kabla hamjanunua friji.