Pangaboi, feni ya kusimama au ya kuchaji: ipi inafaa chumba cha kupanga?

Mpangaji, Tanga
Habari zenu. Nimepanga chumba na sebule hapa mjini Tanga, na tangu Desemba joto la usiku linamwamsha mwanangu wa miezi 8. Chumba ni futi 12 kwa 12, dari ni ya jipsamu, na chandarua chetu cha duara kinaning'inia katikati. Fundi ananishauri nifunge pangaboi, jirani anapendelea feni ya kusimama, na dukani wanaisifu ya kuchaji kwa sababu umeme hukatika. Naombeni ushauri kabla sijatoa fedha.

Fundi Umeme, Dar es Salaam
Dada, kabla ya kuuliza bei, angalia dari. Jipsamu haiwezi kubeba pangaboi. Ndoano yake lazima ishikwe na mbao za kenchi au zege lililo juu, na mapanga yawe angalau mita 2.1 kutoka sakafuni. Likifungwa vizuri, hakuna feni inayoeneza upepo chumba kizima kama hilo, na kwa chumba chako la inchi 48 linatosha. La kawaida hutumia takriban wati 70, kwa hiyo ukiliwasha saa 10 kila usiku litakula uniti 21 za LUKU kwa siku 30. Yapo yenye mota isiyo na brashi, ambayo kwa wati 30 hivi yatakula uniti 9, ingawa bei yake ni kubwa zaidi.

Mama Wawili, Mombasa
Pole kwa mtoto, mwenzangu. Fundi amesema kweli, lakini hakugusia chandarua, nacho ndicho kinachoamua hapa. Chandarua cha duara na pangaboi vyote vinataka katikati ya dari. Nilipojaribu kusogeza kamba pembeni, kitambaa kilipeperuka hadi kikakaribia mapanga, nikaruka kuzima swichi usiku huohuo. Tafadhali usikiondoe chandarua kwa ajili ya upepo, maana malaria haitamsubiri mtoto. Mimi huweka feni ya kusimama miguuni mwa kitanda, nikaishusha hadi juu kidogo ya godoro na kuiacha igeuke huku na huku, upepo ukaingia kwa ubavuni. Hakikisha kidole cha mtoto hakipiti kwenye wavu wa mbele, na uupanguse mara kwa mara, kwa kuwa hewa ya bahari huleta kutu upesi.

Mstaafu, Muheza
Ya kuchaji ni ya akiba tu, binti yangu. Mapanga yake kwa kawaida ni madogo na betri huchoka, hasa ikikaa miezi bila chaji. Kumbuka pia kwamba feni haipoozi hewa, bali hukausha jasho mwilini. Kwa hiyo jioni, nje kukishapoa, fungua dirisha lenye wavu ili joto la mchana litoke.

Fundi Umeme, Dar es Salaam
Nakubaliana na mama wa Mombasa. Feni ya kusimama ya wati 50 itakula uniti 15 kwa saa hizohizo, na ukihama unaondoka nayo. Siku ikianza kuzunguka polepole, usikimbilie kununua nyingine. Mara nyingi ni kapasita iliyochoka, na kuibadilisha ni kazi ndogo.

Mpangaji, Tanga
Asanteni sana. Nachukua ya kusimama. Soketi iko upande wa dirisha, kwa hiyo leo nitageuza kitanda ili waya usipite mahali mtoto anapotambaa.